Kabla ya kifaru kupita: fahamu magari ya deraya yanayofungua njia vitani

Ukisikiliza taarifa za vita redioni, jina utakalolisikia mara nyingi ni kifaru. Vifaru vimesonga mbele, vifaru vimerudi nyuma, nchi fulani imeahidi kutoa vifaru kadhaa. Mara chache sana utasikia habari za gari jingine ambalo kwa umbo ni ndugu wa kifaru, lakini mbele halina mzinga mrefu. Lina plau, au ndoo ya kuchimbia, au daraja lililokunjwa mgongoni. Bila gari hilo kifaru hakifiki mbali.

Wazee wa Kagera, mkoa ambao mwaka 1978 uliitwa Ziwa Magharibi, hawahitaji kuelezwa sana. Novemba mwaka huo majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja la Kyaka. Lilikuwa daraja moja tu, na mto ukawa ukuta. Askari wa miguu anaweza kuvuka kwa mtumbwi, kifaru hakiwezi. Ilibidi Jeshi la Wananchi wa Tanzania litafute na kufunga madaraja ya muda, ndipo silaha nzito zikapita kwenda ng'ambo.

Makala haya yanaeleza magari yanayofanya kazi hiyo huku risasi zikilia: ni ya aina gani, yalianzaje, na kwa nini adui huyapiga kwanza. Tutapita pwani ya Ufaransa, ambako somo lilipatikana kwa damu, kisha twende Ukraine. Mwisho tutaishia Morogoro, na sababu utaiona.

KIFARU KINAOGOPA NINI?

Kifaru cha kisasa kina uzito wa kati ya tani 45 na 70. Kinaweza kupita kwenye tope ambalo lori litazama, kwa sababu uzito wake umetandazwa juu ya cheni mbili pana kama zile za katapila. Lakini cheni hizo hizo ndizo udhaifu wake. Bomu la kutegwa ardhini la kuzuia vifaru, lenye kilo kama saba za vilipuzi, likilipuka chini ya cheni huikata, na kifaru hubaki kinazunguka mahali pamoja kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Walio ndani huenda wakawa wazima. Lakini chombo kilichosimama wazi mbele ya adui hakina muda mrefu.

Jeshi linalojihami linalijua hilo. Linatega mabomu kwa maelfu, linachimba mahandaki mapana, linapanga vipande vya zege vyenye ncha ambavyo askari huviita meno ya joka, linavunja madaraja, na hata kufungulia maji yafurike mabondeni. Watu wengi hudhani vizuizi hivyo vimewekwa ili viue. Mara nyingi kazi yake hasa ni kumchelewesha mshambuliaji, asimame mahali ambapo mizinga imekwisha kupimiwa shabaha tangu wiki iliyopita.

Kuondoa vizuizi ni kazi ya wahandisi wa jeshi, na kwa muda mrefu waliifanya kwa mikono. Huko El Alamein, Misri, Oktoba 1942, majeshi ya Uingereza na washirika wake yalikuta mbele yao mabomu yapatayo nusu milioni yaliyotegwa jangwani na Wajerumani na Waitalia. Wahandisi walitambaa usiku wakichoma mchanga taratibu kwa ncha ya singe. Wengine walibeba kifaa kipya cha kutambua chuma kilichobuniwa na ofisa wa Kipolandi, Józef Kosacki. Walifungua njia, lakini polepole mno. Kulipopambazuka vifaru vingi vilikuwa bado vimesongamana ndani ya vichochoro vyembamba katikati ya mabomu.

ASUBUHI MOJA HUKO DIEPPE

Miezi miwili kabla ya El Alamein, tarehe 19 Agosti 1942, askari wapatao 6,000, wengi wao Wakanada, walivuka bahari kutoka Uingereza kwenda kuushambulia mji wa bandari wa Dieppe, kaskazini mwa Ufaransa, uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Walikuja na vifaru aina ya Churchill. Kati ya 29 vilivyoshushwa, viwili vilizama. Vilivyofika nchi kavu vilikutana na ufukwe wa kokoto kubwa, laini na zenye kuteleza. Kokoto ziliingia katika cheni na kuzikata. Vifaru kama 15 hivi viliweza kupanda ukuta wa bahari na kufika barabara ya ufukweni.

Hapo safari ikaisha. Kila mtaa wa kuingia mjini ulikuwa umezibwa kwa zege. Vizuizi hivyo vilitakiwa kulipuliwa na wahandisi, ambao walitua na vilipuzi vyao wakiwa hawana kinga yoyote zaidi ya sare walizovaa. Wengi walipigwa risasi kabla ya kufika penye kazi. Vifaru vikabaki vikienda huku na huku barabarani vikitafuta upenyo, na upenyo haukuwepo. Hakuna hata kimoja kilichorudi Uingereza, na Wakanada zaidi ya 900 walipoteza maisha.

Katika watu walioitafakari asubuhi ile alikuwamo ofisa mhandisi wa Kanada, Luteni J. J. Denovan. Hoja yake ilikuwa rahisi: fundi anayekwenda kulipua ukuta asitembee kwa miguu wakati dereva anayesubiri ukuta ulipuliwe amekaa nyuma ya chuma. Mhandisi naye aingizwe ndani ya kifaru, yeye na vifaa vyake vyote.

JENERALI ALIYEKUWA KOPLO USU

Wazo hilo liliangukia mikononi mwa mtu wa ajabu kidogo. Percy Hobart alikuwa jenerali wa Uingereza aliyesukumwa kustaafu mwaka 1940. Alikuwa mkali, mbishi, na mawazo yake kuhusu vifaru yaliwaudhi wakubwa wake. Alirudi nyumbani akajiunga na mgambo wa kulinda kijiji chake, akapewa cheo cha koplo usu. Waziri Mkuu Winston Churchill alipopata habari aliagiza arudishwe jeshini. Mwaka 1943 Hobart alipewa kazi ya kuandaa Divisheni ya 79 ya deraya, na ndani yake akakusanya magari ambayo askari waliyaita "vichekesho vya Hobart".

Na kweli yalichekesha kuyatazama. Kifaru cha Churchill kiliondolewa mzinga wake wa kawaida, kikawekewa mzinga mfupi mnene uliorusha bomu la kilo 18 umbali wa mita 80 hivi. Bomu hilo liliitwa "pipa la taka linaloruka". Halikufaa kupigana na kifaru cha mbali, lakini kwa kubomoa ukuta wa zege halikuwa na mpinzani. Tatizo lilikuwa kuupakia mzinga upya: askari alilazimika kusogeza kifuniko na kutoa mikono yake nje, mbele ya adui.

Gari hilo hilo liliweza kubeba tita kubwa la fito, nene kupita kimo cha mtu, likalidondosha ndani ya handaki ili lijae na kupitika. Jingine lilibeba daraja fupi la chuma. Jingine lilikuwa na rola kubwa mbele lenye mkeka wa turubai, likautandaza juu ya tope na kupita juu ya mkeka wake lenyewe. Kulikuwa pia na kifaru kilichokatwa kichwa kabisa, kazi yake ikiwa kuingia ndani ya handaki, kutulia humo, na kuwaacha wenzake wapite mgongoni kwake.

Tarehe 6 Juni 1944 magari hayo yalitua na majeshi ya Washirika katika fukwe za Normandy. Karibu na kijiji cha Graye-sur-Mer, upande uliopewa Wakanada, moja la Churchill la wahandisi lilitumbukia katika shimo lililojaa maji na kuzama likabaki kichwa. Askari wake walitoka, lakini baadhi yao waliuawa na bomu walipokuwa wamejikinga kwenye vilima vya mchanga. Hapakuwa na muda wa kulivuta gari. Wenzao walishusha matita ya fito juu yake, wakalaza daraja, na gari lililozama likawa nguzo ya kati. Magari yakaanza kupita kuelekea bara. Gari lile lilibaki chini ya njia hiyo miaka 32. Lilichimbuliwa mwaka 1976, na leo limewekwa hapo hapo kijijini kama kumbukumbu.

Wamarekani waliotua upande wa magharibi walichukua tingatinga na vifaru vinavyoelea, lakini si vile vya kubomoa kuta na kulipua mabomu. Katika ufukwe wa Omaha walipata hasara kubwa kuliko fukwe nyingine zote. Wanahistoria wanabishana hadi leo kama vichekesho vya Hobart vingewaokoa. Sisi tunaona jibu si rahisi. Omaha ilikuwa na miinuko mirefu na ulinzi mkali, na gari la kubomoa ukuta haliwezi kupanda genge. Lakini wahandisi wa Omaha waliofanya kazi wazi mchangani, kama wale wa Dieppe, walilipa gharama ile ile.

PLAU, MINYORORO NA KAMBA YA MOTO

Tuingie sasa katika aina zenyewe, tukianza na mabomu ya ardhini, kwa maana hapo ndipo kazi ngumu ilipo. Njia za kuyapitia kwa gari ni nne, na kila moja ina kasoro yake.

Ya kwanza mkulima ataielewa mara moja: plau. Mbele ya gari hufungwa meno makubwa ya chuma yanayoingia ardhini kiasi cha sentimita 20 hadi 30, yakainua udongo pamoja na mabomu na kuusukuma pembeni. Kama unavyolima kwa ng'ombe, udongo hukaa pande zote mbili kama tuta. Ila matuta haya yana mabomu mazima ndani yake. Anayefuata nyuma akiyumba kidogo, ameyakanyaga. Na kama ilivyo shambani, plau haipendi mawe, visiki wala ardhi iliyokauka ikawa kama saruji.

Njia ya pili ni rola: magurudumu mazito ya chuma yanayosukumwa mbele ili yalikanyage bomu kabla ya gari. Bomu la kuzuia vifaru huhitaji uzito mkubwa ndipo lilipuke, na rola huutoa uzito huo. Watengenezaji wa mabomu hawakulala. Yapo mabomu yanayohesabu: rola likipita mara ya kwanza hunyamaza, na kishindo cha pili, yaani kifaru chenyewe, ndicho kinacholipua. Kwa hiyo rola hutumika zaidi kugundua mahali mabomu yanapoanzia kuliko kufungua njia nzima.

Ya tatu ni minyororo ya kuchapa. Wazo lake lilitoka kwa ofisa wa Afrika Kusini, Abraham du Toit, na magari ya kwanza ya aina hiyo yalionekana El Alamein. Hobart alitumia lililoboreshwa, lililoitwa Crab, lenye rola linalozunguka kwa kasi likiwa na minyororo 43 inayotwanga ardhi mbele ya gari. Mfikirie mtu anayepura maharage kwa fimbo, kisha zidisha kelele na vumbi mara elfu. Bomu likipigwa hulipuka pale pale na kukata mnyororo mmoja au miwili, ambayo hubadilishwa. Kasoro yake ni mwendo. Crab likichapa lilikwenda kama kilomita mbili kwa saa. Mtoto anayechunga mbuzi angelipita bila kukimbia.

Ya nne ndiyo inayoonekana sana katika video za vita za siku hizi. Gari hurusha roketi ndogo inayovuta kamba ndefu iliyosheheni vilipuzi. Kamba hutua juu ya eneo lenye mabomu, kisha hulipuliwa yote kwa pamoja. Ya Wamarekani ina urefu wa mita 107 na vilipuzi vya karibu kilo 800, na hufungua njia ya upana wa mita 8 na urefu wa mita 100 hivi. Warusi wana gari lao, UR-77, ambalo askari wamelipa jina la joka la hadithi zao za kale. Ni njia ya haraka na ya kutisha, lakini si kila bomu huitikia mlipuko. Ndiyo maana gari la Kimarekani la kupasua vizuizi, lililotumiwa na askari wa majini Afghanistan tangu Desemba 2009, lina vyote viwili: kwanza kamba, kisha plau ipite kusafisha kilichobaki. Nyuma yake huachwa alama za bendera au taa, ili anayefuata ajue mwisho wa njia uko wapi.

DARAJA MGONGONI

Gari la kubeba daraja ni kifaru kisicho na kichwa, na juu yake pana daraja la chuma. Likifika ukingoni mwa handaki au kijito, hulifungua kama mkasi au kulisukuma mbele, likalilaza, likajitoa na kurudi nyuma. Kazi nzima huchukua dakika chache, na askari hawatoki nje. Wajerumani walipobuni lao, Biber, walihakikisha daraja linateleza kwa ulalo, kwa sababu daraja linalosimama wima kabla ya kuangukia ng'ambo huonekana kutoka mbali na kumwita adui.

Mipaka yake ni urefu. Mengi yanaziba pengo la mita 20 hivi, na Titan la Uingereza linaweza kubeba daraja la mita 26. Kwa mto mkubwa hayatoshi, na wahandisi hulazimika kuunganisha madaraja ya kuelea, kazi ya masaa mengi mahali pa wazi. Mei 2022 Warusi walijaribu kuvuka hivyo Mto Siverskyi Donets karibu na kijiji cha Bilohorivka, mashariki mwa Ukraine. Mizinga ya Ukraine iliwakuta wakiwa katikati ya kazi. Picha zilizopigwa kutoka angani zilionyesha makumi ya magari yaliyoungua kando ya mto na daraja lililokatika vipande.

TINGATINGA NA BREDAUNI

Tingatinga la kijeshi halihitaji maelezo marefu. Ni lile lile la barabarani, likiongezewa deraya na vioo vya kuzuia risasi. Hufukia mahandaki, husukuma vifusi, huchimba mashimo ya kuficha vifaru. Yapo pia magari makubwa zaidi, kama Trojan la Uingereza na IMR-2 la Urusi, yenye blade mbele na mkono mrefu juu, yanayoweza kuchimba, kunyanyua na kufungua njia kwa pamoja.

Lakini chombo kinachofukia handaki kinaweza kufukia na mtu. Februari 1991, katika vita vya kuikomboa Kuwait, askari wa Divisheni ya Kwanza ya Marekani walitumia vifaru vyenye plau na tingatinga za deraya kufukia mahandaki ya Wairaki, na baadhi ya Wairaki walikuwa bado ndani. Wengi walijisalimisha. Idadi ya waliozikwa wakiwa hai imebaki ya kubishaniwa. Israel nayo imelaumiwa kwa miaka mingi kwa kutumia matingatinga yake mazito ya D9 kubomoa nyumba za Wapalestina.

Bredauni la kijeshi ndilo lisilosifiwa kabisa. Ni gari la cheni lenye kreni, winchi na blade. Likitaka kuvuta kifaru kilichozama, hukita blade ardhini kwanza kama mtu anayekaza miguu kwenye mashindano ya kuvuta kamba, ndipo winchi ianze kukokota. M88 la Marekani katika toleo lake jipya huvuta zaidi ya tani 60 kwa waya mmoja. Jeshi lenye mabredauni ya kutosha hupigana kesho na vifaru vilivyoharibika leo. Lisilo nayo huviacha barabarani, na adui akavipiga picha.

UKRAINE, JUNI 2023

Mtu angedhani baada ya miaka 80 tatizo la Dieppe limekwisha. Majira ya joto ya 2023 yalionyesha vingine.

Warusi walikuwa wametumia miezi mingi kuimarisha mkoa wa Zaporizhzhia, kusini mwa Ukraine: mashamba ya mabomu yenye kina cha mamia ya mita, nyuma yake mahandaki, nyuma yake meno ya joka, kisha mstari mwingine kama huo. Ukraine ilipewa na nchi za Magharibi vifaru vya Leopard 2, magari ya Bradley ya kubeba askari, na magari ya kufungua njia. Finland ilitoa sita ya aina ya Leopard 2R yenye plau, kutoka katika kundi la magari kumi tu iliyokuwa nayo. Hesabu hiyo inaeleza mengi. Nchi nyingi za Ulaya, zilizokuwa zimezoea amani, ziliweka vifaru vya kutosha ghalani lakini zikabakiwa na magari machache mno ya kuvifungulia njia.

Tarehe 8 Juni, kusini mwa kijiji cha Mala Tokmachka, msafara wa Ukraine uliingia katika mabomu. Msafara wa namna hiyo hutembea kwa mstari mmoja kama siafu, gari la plau likitangulia. La mbele likisimama, wote wamesimama, na hakuna anayeweza kugeuka kwa sababu kushoto na kulia ni mabomu. Droni zilikuwa juu zikitazama. Mizinga ikaanza, helikopta zikarusha makombora kutoka mbali. Picha za siku zilizofuata zilionyesha Leopard na Bradley zilizoachwa zimesongamana mahali pamoja, na kati yake magari matatu ya Leopard 2R. Askari wengi walinusurika kwa sababu Bradley huvumilia mlipuko wa chini, lakini njia haikufunguka.

Hapo kuna jambo ambalo maofisa wa uhandisi hufundishana darasani: gari la kufungua njia haliendi peke yake. Kwanza mizinga ya kwako inyamazishe ya adui, kisha moshi utandazwe asione, kisha askari washike pande zote mbili, ndipo plau iingie. Ukraine haikuwa na ndege za kutosha za kufanya hatua ya kwanza, na droni zilifanya moshi usiwe na maana kubwa. Rubani wa droni naye anajua la kuchagua. Kati ya magari kumi yaliyo mbele yake, lenye plau akilipiga moja tu, tisa yamekwama.

Waukraine walibadili mbinu. Wahandisi wakarudi kutambaa wawili wawili, usiku au alfajiri, wakitafuta bomu moja moja kwa mikono, kama wale wa El Alamein. Mwendo ukawa wa mita chache kwa siku. Sasa majeshi mengi yanajaribu magari ya kufungua njia yasiyo na mtu ndani, yanayoendeshwa kwa rimoti. Hatua hiyo inafuata hoja ile ile ya Denovan: mtoe mhandisi mahali pa wazi.

NJIA YA MITA NANE NA SHAMBA ZIMA

Kuna tofauti moja ambayo taarifa za vita hazielezi. Jeshi likisema limeondoa mabomu, lina maana limefungua kichochoro cha upana wa gari mbili, na kwamba hasara iliyobaki inavumilika. Mwanakijiji akirudi nyumbani baada ya vita hahitaji kichochoro. Anahitaji shamba lote, na njia ya kisimani, na mti ambao watoto hupanda. Kwake bomu moja lililosalia ni sawa na mia. Zaidi ya hayo, tuta lililoachwa na plau ya jeshi, lenye mabomu yaliyogeuzwa juu chini, ni hatari kuliko mahali ambapo plau haikupita.

Magari ya minyororo ya kuchapa, wajukuu wa Crab, leo yanafanya kazi hiyo ya amani katika nchi nyingi, yakiendeshwa kwa rimoti. Lakini hata yakipita, lazima watu wapite nyuma yao kuhakiki kila hatua. Jirani zetu wa Msumbiji walitia saini amani mwaka 1992. Nchi yao ilitangazwa kuwa haina tena maeneo yanayojulikana kuwa na mabomu Septemba 2015, miaka 23 baadaye.

Kati ya waliofanya kazi Msumbiji walikuwamo panya buku waliofundishwa Morogoro, katika eneo la Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na shirika la APOPO. Panya huyu hana shida na chuma chakavu kinachokipotosha kifaa cha mhandisi, kwa sababu ananusa vilipuzi vyenyewe. Tena ni mwepesi, hawezi kulipua bomu kwa kulikanyaga. Shirika hilo linasema panya mmoja hukagua eneo la uwanja wa tenisi kwa nusu saa, kazi ambayo mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kuifanya kwa siku nne. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, aligundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na shirika la hisani la wanyama la Uingereza.

Hufungwa kamba kifuani, akatembea mstari mmoja kwenda na mwingine kurudi. Akinusa kitu husimama na kukwaruza udongo. Aliyemshika huweka alama, humwita arudi, akampa kipande cha ndizi.